Kopi ya kitambulisho, picha ya simu, au kuangalia tu na kurudisha: ofisi yako ndogo ichukue ipi?

Juzi stendi ya Moshi nimenunua karanga za mia tano, kijana akanifungia kwenye karatasi kama kawaida yao, nimekaa ndani ya Coaster nasubiri ijae naangalia ile karatasi kumbe ni fomu ya mkopo. Majina yote matatu ya mtu, namba ya NIDA yani ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, jina la mume, jina la mdhamini, mpaka maelezo ya nyumbani kwake kwamba ni nyumba ya pili ukishapita kanisa. Na sahihi chini. Ni fomu ya 2021. Sijui ilitembea vipi mpaka ikafika kwenye karanga kwa hiyo ofisi yenyewe siitaji jina, ila karanga zenyewe sikuzimaliza, nimeisoma ile fomu tunaondoka mpaka tunafika Bomang'ombe na moyo unanienda mbio kwa ajili ya mama wa watu nisiyemjua.

Sasa wiki hiyohiyo mama mweka hazina wa kikundi chetu Pasua alikuwa ameshaniuliza, "Mwanangu, hivi hivi vitambulisho tuwe tunatoa kopi au tuandike tu namba? Vijana wanasema tupige picha na simu, ndo rahisi." Nikamwambia mama nipe siku mbili tatu nikuandikie vizuri. Ndo hii naandika, na naiweka wazi kwa wote maana mimi kazi yangu ni kupanga mahesabu na mafaili ya ofisi ndogondogo huku Moshi na Arusha, lodge, vikundi, shule, kampuni za kupandisha wageni mlima, na swali hili nakutana nalo kila ofisi.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana wengi ndo hapo wanapochanganya. Ofisi ikikuomba kitambulisho inafanya kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kumjua aliyesimama mbele yako, kwamba huyu ndo kweli anayesema ndo yeye. Ya pili ni kutunza ulichochukua kwake kisije kikamdhuru. Kuna njia inayosaidia kazi ya kwanza na kuharibu ya pili, na nyingine inaharibu zote mbili, na ukichagua bila kujua unataka ipi utajikuta una kabati limejaa kopi na bado mtu kakopa kwa jina la dada yake.

Nianze na kopi ya karatasi maana ndo imezoeleka. Uzuri wake upo. Haihitaji umeme wala bando, mkaguzi akija unamtolea faili anaona, mtu akikimbia deni una kitu cha kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Kikundi kinachokopesha siwezi kukiambia kisiwe na karatasi kabisa. Lakini angalieni kopi inavyotolewa. Mteja anaambiwa "nenda katoe kopi pale," anaenda steshenari, mashine inatoa ya kwanza imekuwa nyeusi, inatupwa kwenye boksi, inatoka ya pili, analeta. Karani anaichukua anaipachika kwenye fomu. Nani ameangalia sura? Hakuna! Picha kwenye kopi ni doa jeusi, huwezi kumtambua hata mdogo wako wa kuzaliwa tumbo moja, na karani kwa vile kopi ipo anaona kazi imeisha. Yani kopi inampa mtu utulivu ambao hakuufanyia kazi. Nimeona faili ambalo kopi ni ya mwanamke na mkopaji ni mwanaume, imekaa humo miezi saba.

Alafu kuna hii ambayo watu hawaifikirii. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Ina maana kila aliyeshika kopi yako anajua umezaliwa lini. Sasa jiulize pini yako ya kwenye simu ni ipi. Tarakimu nne, na watu wangapi hapa wameweka mwaka wa kuzaliwa, wao au mtoto wa kwanza? Kwenye fomu moja ya mkopo kuna namba ya simu, kuna mwaka wa kuzaliwa, kuna majina ya watoto kwenye sehemu ya warithi. Mtu akiipata simu yako dakika kumi na fomu yako ikiwa mkononi, ameshapunguza kazi sana. Kwa hiyo nikisema kopi ni mali naomba mnielewe hivyo, ni mali kama hela ya kwenye droo, na droo tunaifunga.

Picha ya simu sasa. Hii ndo rahisi kuliko zote, haina gharama, sekunde tano umemaliza mbele na nyuma, na ndo maana lodge nyingi na mawakala wengi wamehamia huko. Kwangu mimi hii ni ya mwisho kabisa na sababu nazieleza kirefu maana nimechoka kubishana nayo kwenye ofisi za watu. Ile picha inaingia kwenye galari ya simu ya mfanyakazi, pamoja na picha za mtoto wake na za harusi. Simu nyingi zimewekwa zijitume zenyewe kwenye akaunti ya mwenye simu, kwa hiyo hata ukimwambia afute mbele yako, huko juu bado ipo. Alafu anaituma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ili bosi aone, na grupu lina watu tisa, watatu walishaacha kazi na hakuna aliyewatoa. Simu ikiharibika inaenda kwa fundi na pasiwedi anaachiwa fundi. Kijana akiacha kazi anaondoka na simu yake, ni yake, huwezi kumnyang'anya, na vitambulisho vya wageni wako wote wa mwaka mzima vimeondoka naye, wala sisemi kwamba ni mwizi, nasema tu vimeondoka. Na kwa mwizi picha ya rangi iliyopigwa vizuri pande zote mbili ni bora mara mia kuliko kopi nyeusi ya karatasi, maana mikopo ya kwenye simu mingi inaomba hichohicho, picha safi ya kitambulisho. Kopi ya karatasi ikidondoka imedondoka moja, galari ikidondoka zimedondoka zote.

Njia ya tatu ni ya wazee na watu wanaidharau. Unakishika kitambulisho mkononi, unakiangalia, unamwangalia mtu, unaandika unachohitaji, unamrudishia. Basi. Ila isifanywe kwa macho ya usingizi. Kishike chenyewe, usikubali kuonyeshwa kwa mbali au picha yake kwenye simu. Linganisha sura, masikio na paji la uso havibadiliki kama nywele. Muulize kitu kilichoandikwa bila kumsomea, "umezaliwa mwaka gani" na siyo "wewe ni wa 1988 eeh?", maana ukimsomea atasema ndiyo. Na kuna kipimo kimoja kizuri sana kinachokaa mkononi mwa kila mtu: anza kutuma hela kwenye namba ya simu aliyokupa, kabla hujaweka pini jina la mwenye laini linatokea, angalia kama linafanana na la kwenye kitambulisho, alafu ghairi. Halikugharimu hata senti. Kama jina ni tofauti siyo lazima awe tapeli, wengine wanatumia laini ya mume au ya mama, lakini sasa unalo la kuuliza.

Udhaifu wa njia hii ni ushahidi. Kesho mtu akikataa kwamba alikuja, wewe una mwandiko wako tu. Dawa yake ni aliyeangalia aandike jina lake na saa, na mteja asaini palepale mbele yake. Na inategemea sana mtu wa kaunta. Akiwa mvivu au anaogopa wakubwa, haifanyi kazi. Nitarudi kwenye hili la kuogopa wakubwa.

Ya nne ni alama ya kidole, kile kimashine kinachouliza NIDA moja kwa moja. Hii wanayo mabenki na kampuni za simu, na tuliizoea wote kipindi kile cha kusajili laini upya kwa vidole ambapo zisizosajiliwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa kumjua mtu hakuna inayoizidi, kidole hakiazimwi. Lakini naomba mtu asiiabudu. Mimi mwenyewe nilienda kurudisha laini iliyopotea kwa wakala mmoja mwenye mwavuli, akaniambia kidole hakijashika weka tena, nikaweka, hakijashika weka kingine, nikaweka, mara nne. Baada ya wiki kadhaa nikapiga *106# ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, nikakuta namba mbili sizijui. Mbili! Nilienda duka la kampuni ya simu yenyewe zikafutwa siku hiyo, lakini kwa zile wiki kadhaa mtu alikuwa anatembea na jina langu, na kama angemtapeli mtu, polisi wangekuja kwangu. Kwa hiyo kimashine kinathibitisha mwenye kidole, hakithibitishi mwenye kimashine. Mdau ukimaliza kusoma piga *106# kabla hujafanya kitu kingine, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitumeni kwenda 15040, ni bure.

Kwa kikundi au lodge ndogo hiyo ya nne haipo mezani kwa gharama, nimeiweka ili mjue kwamba hata wenye nayo hawajamaliza kazi.

Sasa kuna watu wataniuliza, sheria inasemaje? Hapa ndo kuna ulinganisho mwingine ambao mimi umenisaidia sana, wa kwetu na wa Wamarekani, maana wamelishika tatizo hilihili kwa kushika ncha tofauti.

Ya kwetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hii inaanzia kwenye stoo, yani pale unapotunza taarifa. Inakwambia chukua taarifa kwa sababu inayojulikana, chukua zinazotosha usizidishe, usizikalishe muda mrefu kuliko unavyozihitaji, zilinde, na zikivuja itaarifu Tume. Ofisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwenye Tume na kuwa na mtu maalumu anayesimamia ulinzi huo. Taarifa za watoto, za alama za mwili kama vidole, na za miamala ya fedha zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Na Tume inaweza kukupiga faini ya kufika milioni 100, kwa hiyo wale wanaosema ni mambo ya makampuni makubwa ya Dar waisome tena. Tofauti na hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ile inamshughulikia anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu. Lakini hiyo ni ya kumkamata mwizi baada ya kuiba, kwa mtu wa kaunta haimsaidii asubuhi mteja akiwa mbele yake.

Wamarekani wao wana kanuni wanaiita Red Flags Rule, bendera nyekundu kwa Kiswahili chetu, imetokana na sheria yao ya 2003 na kanuni yenyewe ikatolewa Novemba 2007. Hii haianzii stoo, inaanzia mlangoni. Inamwambia mwenye benki au anayekopesha: kaa chini uandike dalili ambazo zikionekana kwenye biashara yako zinaonyesha huenda mtu anatumia jina la mwenzake, alafu andika utazionaje, utafanya nini ukiziona, na kila baada ya muda uupitie upya mpango wako maana wezi nao wanabadilika. Mambo manne tu hayo. Na mpango uwe umeandikwa, ukapitishwa na bodi, na wafanyakazi wafundishwe. Wameweka na mifano 26 ya dalili kwenye mafungu matano: tahadhari zinazotoka kwenye ofisi za taarifa za mikopo, nyaraka zenye mashaka, taarifa zisizopatana, matumizi ya akaunti yasiyo ya kawaida, na taarifa anazoleta mteja mwenyewe au polisi.

Ninachokipenda pale ni kwamba hawakusema kila mtu afanye kilekile. Wamesema ulingane na ukubwa wa biashara yako na hatari zake. Na hata wao walivutana sana kuhusu nani anaingia humo, maana mwanzoni neno mkopeshaji lilisomwa kwa upana mpaka wanasheria na madaktari wakaambiwa wamo kwa vile wanahudumia kwanza wanalipwa baadaye, wakapiga kelele, utekelezaji ukasogezwa mara kadhaa, mwisho Desemba 2010 Bunge lao likapunguza, anayetoa huduma leo na kutuma bili kesho peke yake hahesabiwi mkopeshaji. Nakumbusha hili kwa ajili ya wenye zahanati na maduka ya dawa huku ambao wanaogopa kwamba kumwandikia mtu deni la dawa ni kazi ya benki. Wao wasijitwishe mzigo wa benki, watunze tu daftari lao.

Na kuna kingine cha Wamarekani kutoka sheria hiyohiyo, kanuni ya kutupa, imeanza kazi Juni 2005. Karatasi zenye taarifa za watu zilizotoka kwenye ripoti kama za mikopo zichomwe, zisagwe au zichanwe mpaka zisisomeke wala kuunganishika tena. Yani karanga zangu za stendi! Ya kwetu nayo inadai usalama na usikalishe taarifa bila sababu, lakini ukimwambia mtu wa ofisi ndogo "zingatia usalama" anaitikia ndiyo na Jumamosi anauza karatasi kwa kilo kwa wauza maandazi. Ukimwambia choma, saga au chana, ameelewa.

Kwa hiyo kama unaniuliza uanzie wapi, ya kwetu siyo ya kuchagua, ni sheria, unaifuata. Ila ukiwa unakaa kuandika utaratibu wa ofisi yako na hujui uanze na ukurasa gani, mimi napima hivi: mtu akidanganya jina kwako, nani anaumia kwanza? Kama ni mwenye jina kwa sababu wewe umetoa hela au laini au mkopo kwa tapeli, anza na mlango, andika dalili zako kama Wamarekani. Kama wewe hutoi kitu cha thamani ila umekusanya taarifa nyingi za watu, anza na stoo.

Lodge ni ya stoo. Mgeni analala analipa anaondoka, hata kama jina siyo lake hajamwibia mtu hela. Ila angalia lile daftari la wageni pale kaunta, limefunguliwa, kila anayeingia anaandika chini ya mwenzake na wakati anaandika anasoma majina ya waliolala jana, namba za simu, ametoka wapi anaenda wapi, chumba namba ngapi. Kwa lodge dawa ni rahisi kuliko zote: aandike mhudumu, daftari likae upande wake, na mgeni mmoja asione wa mwingine, weka hata rula na karatasi ngumu ya kufunika. Picha za pasipoti kwenye simu ya mhudumu wa usiku, hapana.

Kampuni za mlima na safari nazo ni stoo, tena stoo kubwa. Mgeni anatuma pasipoti yake kutoka kwao, inaingia barua pepe ya ofisi, meneja anaituma kwa anayeshughulikia vibali, anaituma kwa hoteli ya Moshi, hoteli ya Arusha, kwa dereva anayemfuata KIA ili amjue, mpaka mgeni anapanda geti la Machame pasipoti yake imekaa kwenye simu sita. Dereva anahitaji jina na namba ya ndege, pasipoti ya nini? Hapa nilifanya kazi na kampuni moja ndogo ya Njiro tukaandika kwenye karatasi nani anahitaji nini, ilituchukua mchana mmoja, tukakuta kwa watu saba waliokuwa wanatumiwa pasipoti nzima wanaoihitaji kweli ni wawili. Na wenye ofisi Nairobi wakumbuke Kenya wana sheria yao ya 2019, kule taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu una saa 72 za kumweleza kamishna wao.

Shule, sitasema mengi, taarifa za watoto ni nyeti kwa sheria na orodha ya wanafunzi na namba za wazazi haitakiwi kubandikwa ukutani wala kutupwa kwenye grupu la wazazi. Wanaopiga simu "mwanao ameanguka shuleni tuma hela ya hospitali" wanatoa wapi jina la mtoto na darasa? Wanatoa kwetu.

Wakala wa simu na wakala wa benki ni mlango, mlango mtupu. Yeye hana haja ya kutunza kopi yoyote. Dalili zake naziandika kama nilivyomwandikia mangi mmoja wa Kiborloni akabandika ndani ya kibanda: mtu anataka kurudisha laini na hajui hata namba mbili anazozipigia mara kwa mara. Mtu ameongozana na mwingine ambaye ndo anajibu maswali yote. Mtu ana haraka na anakutajia jina la mkubwa. Mtu anarudisha laini saa hii na saa hii anataka kubadilisha pini na kutoa hela yote. Hii ya mwisho Wamarekani wanayo kwenye kadi za benki, anwani ikibadilishwa alafu ndani ya siku 30 ikaombwa kadi nyingine, benki lazima ijiridhishe kwanza kabla ya kuitoa. Huku kwetu anwani ni laini. Anayechukua laini amechukua mlango wa mbele.

Sasa vikundi na SACCOS, huku ni mlango na stoo kwa pamoja, ndo maana mama wa Pasua aliuliza swali zuri kuliko alivyodhani. Kikundi kinakopesha, tena kinakopesha kwa kujuana, na kujuana kunatuponza. Anayekopa kwa jina la mwingine kwenye kikundi mara nyingi hatoki mbali, ni shemeji, ni mtoto wa mdhamini, ni mwanachama mwenzetu aliyepewa kopi ya jirani "nisaidie tu mara moja." Na mabenki yanaweza kuangalia taarifa za mikopo za mtu, kikundi hakina hiyo, kina macho ya mweka hazina. Na macho ya mweka hazina yanashindwa pale anayeleta mkopaji ni mwenyekiti. Hili ndo la kuogopa wakubwa nililosema nitarudi. Mpango wa Wamarekani unadai bodi yenyewe iupitishe, na mimi nikisoma pale nilielewa sababu kwa mfano wa kwetu, kwamba wakubwa wakishasaini kwamba hakuna mkopo bila mtu kufika mwenyewe na kitambulisho chenyewe, basi mama kaunta akimwambia mwenyekiti "samahani baba, aje mwenyewe" anakuwa anamsomea mwenyekiti sahihi yake.

Kwa hiyo mama, jibu langu kwa kikundi ni hili. Mwanachama wa kuweka akiba tu: angalia, andika, rudisha, bila kopi. Mwanachama anayekopa na mdhamini wake: angalia kwanza chenyewe mkononi, jaribu namba ya simu uone jina, ndo kopi moja itolewe, moja tu, na juu yake iandikwe kwa kalamu ikikatiza katikati ya kopi "kwa mkopo wa kikundi, tarehe fulani" ili mtu asiweze kwenda nayo kwingine. Ikae kwenye lile sanduku la kufuli tatu tunaloweka hela. Picha ya simu hapana, hata ya dharura, na zilizopo kwenye grupu letu zifutwe kikao kijacho kila mtu ameshika simu yake.

Mama alinisikiliza akauliza swali moja tu, "Na za zamani je?" Tumehesabu zipo 63 kwenye lile boksi la sabuni chini ya meza. Tumekubaliana waliomaliza mikopo warudishiwe kopi zao kikao cha Jumapili ya kwanza, kila mmoja asaini alipochukua. Za waliohama na waliofariki tutazichoma siku hiyohiyo kwenye jiko la mama mwenyewe uani, mweka hazina, katibu na mimi tukiwepo, na majivu tuyamwage mgombani.